Barua ya wazi kwa wenye dhamana: Wakutubi wapeni kazi dhidi ya uzushi wa mitandaoni

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia,
Kwa Mheshimiwa Waziri wa Nchi mwenye dhamana ya Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa (TAMISEMI),
Kwa Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya habari,
Na kwa Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania.

Yah: Nafasi ya wakutubi katika kukabili taarifa za uongo mitandaoni

Waheshimiwa,

Tafadhali husikeni na kichwa cha barua hapo juu.

Nawaandikia kutoka Dodoma, mji ambao siku hizi ndiko zinakotoka taarifa kwa umma karibu zote za Serikali. Wizara ziko Mtumba, Bunge liko hapa, Sekretarieti ya Ajira iko pale Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM). Mtu wa mbali angedhani wakazi wa Dodoma ndio wa mwisho kudanganywa na barua ya kughushi. Mambo sivyo yalivyo. Barua zenye nembo ya Taifa, muhuri na saini ya kubandika zinazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp ya Chang'ombe, Nkuhungu na Kikuyu, na watu wa hapa huziamini upesi zaidi kwa sababu kila mmoja ana ndugu, jirani au mpangaji anayefanya kazi wizarani. Ukishaambiwa "hii imetoka Mtumba leo asubuhi", unaona haja gani ya kuuliza tena?

Mimi ni mkutubi. Ninachowaomba ni kitu kimoja, na barua hii yote inakizunguka: kazi ya kumsaidia mwananchi kuhakiki habari anazokutana nazo mtandaoni iwe kazi rasmi ya maktaba za umma na za shule, iandikwe kwenye majukumu ya mkutubi, na iwekewe fungu. Kwa sasa tunaifanya kwa hiari, mmoja mmoja, kadiri mkuu wa kituo atakavyoona inafaa.

Najua Serikali haijakaa tu. Mara kwa mara tunaona taasisi fulani ikichukua picha ya barua bandia, ikaigonga muhuri mwekundu wa UZUSHI na kuirudisha mtandaoni. Sheria nayo ipo. Kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 kinamwekea anayechapisha taarifa za uongo kwa makusudi faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Sipingi kukanusha, wala siandiki kuwatetea wazushi. Lakini kanusho na kesi vyote huja maji yakiwa yameshamwagika. Tena kanusho humfikia anayefuata ukurasa wa wizara, wakati uongo ulishafika kwa shangazi yake kule Bahi, ambaye hajui kama wizara ina ukurasa.

Mwaka 2018 watafiti wa chuo cha MIT cha Marekani walichapisha katika jarida la Science uchunguzi wa habari zipatazo 126,000 zilizosambazwa Twitter kati ya mwaka 2006 na 2017. Walikuta kwamba habari ya uongo ina uwezekano wa asilimia 70 zaidi wa kusambazwa kuliko ya kweli. Walipochuja akaunti zinazoendeshwa na mashine, matokeo yalibaki vile vile: wanaoupa uongo mbio ni watu wa kawaida, wanaovutwa na upya wa jambo na mshangao wake. Mwaka 2019 WhatsApp ilipunguza duniani kote idadi ya makundi au watu unaoweza kuwatumia ujumbe kwa mkupuo mmoja ikawa 5, na mwaka 2020 ujumbe uliokwisha kuzunguka sana ukaruhusiwa kwenda kwa mmoja tu kwa wakati. Hatua nzuri. Inapunguza mwendo, ila haimwachii mtu ujuzi wowote wa kuutambua uongo unaofuata.

Kuna jambo jingine ambalo nadhani huko ofisini halionekani vizuri, na ningependa kulikalia kidogo. Watu wengi wanaokuja kwetu na habari ya uongo hawana namna ya kuihakiki hata wakitaka. Wamejiunga bando la mitandao ya kijamii, lile la bei nafuu, linalofungua WhatsApp na Facebook basi. Wakibonyeza kiungo cha tovuti ya wizara, simu inagoma, au inakula salio la kawaida hadi linaisha kabla ukurasa haujafunguka. Mtu huyo uongo anaupata ndani ya bando lake, ukweli anatakiwa aununulie bando jingine. Kila kampeni inayomwambia "tembelea tovuti yetu kwa taarifa sahihi" inampita pembeni. Nimeona mama lishe wa soko la Majengo akiwa na picha ya tangazo la mikopo ya wanawake kwenye simu, herufi ndogo hazisomeki, na hana njia nyingine ya kulithibitisha zaidi ya kumuuliza aliyemtumia, ambaye naye ametumiwa. Maktaba ni mahali ambapo mtu kama huyo anaweza kukaa mbele ya kompyuta iliyounganishwa, bila kununua kitu, bila kuulizwa ana cheo gani, akawa na mtu wa kumuelekeza. Katika miji yetu sehemu za namna hiyo ni chache mno.

Nieleze kazi yenyewe inavyokuwa. Kijana mmoja, fundi wa kuchomelea, alikuja kuchapisha fomu. Hakuja kuuliza chochote. Fomu ilitokana na tangazo la ajira katika taasisi ya Serikali: nembo juu, kumbukumbu namba, orodha ndefu ya nafasi za udereva, ulinzi na utunzaji wa stoo, "elimu kuanzia kidato cha nne", na chini kabisa namba ya simu ya kutumia shilingi elfu ishirini za "usajili wa fomu" kabla ya saa kumi jioni. Ningeweza kumwambia pale pale kwamba ni la uongo. Sikumwambia. Nilimvutia kiti nikamuuliza: tangazo kama hili likiwa la kweli, litakuwa wapi pengine zaidi ya hapa kwenye simu yako? Akafikiri, akasema kwenye mfumo wa ajira wa Sekretarieti. Tukafungua. Halikuwepo. Tukafungua tovuti ya taasisi iliyotajwa. Halikuwepo, ila palikuwa na tangazo la zamani ambalo nembo na maneno ya utangulizi yalinyofolewa humo, neno kwa neno. Nikamwomba asome anwani ya barua pepe ya kwenye tangazo lake kwa sauti, herufi moja moja. Alipofika mwisho akaona haimalizikii na go.tz kama za ofisi za Serikali, ni ya Gmail. Kisha yeye mwenyewe, bila kuulizwa, akarudi kwenye ile namba ya simu na kusema: Serikali haiwezi kuchukua hela kwa namba ya mtu.

Ile namba tuliituma 15040, namba ya kuripoti matapeli wa simu, ambayo hakuwa akiijua. Halafu akatoka nje kuwapigia wenzake waliokuwa wakimsubiri awachapishie na wao. Mmoja alikuwa ameshatuma hela.

Kwa nini sikumwambia moja kwa moja? Kwa sababu kesho atapokea jingine, na kesho hiyo mimi sitakuwepo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Sam Wineburg na Sarah McGrew, walitoa mwaka 2017 utafiti waliowaketisha wanahistoria 10, wahakiki habari 10 na wanafunzi 25 wa chuo hicho mbele ya tovuti zile zile. Wanahistoria wenye shahada za uzamivu na wanafunzi waliochujwa kuingia chuo kikubwa walisoma ukurasa kuanzia juu mpaka chini, wengi wao wakababaishwa na nembo nzuri na jina la kuvutia. Wahakiki waliuacha ukurasa mapema sana. Walifungua kurasa nyingine kutafuta wengine wanasema nini juu ya mwenye tovuti ile, ndipo wakarudi kusoma. Walifika kwenye jibu sahihi kwa muda mfupi zaidi. Kumbe elimu kubwa peke yake haimkingi mtu. Kinachomkinga ni mazoea ya kutoka nje ya ukurasa na kuuliza kuhusu aliyeuandika, na mazoea hayo ndiyo riziki ya mkutubi. Kitabu kikiletwa mezani kwetu, kabla ya kukipangia namba na kukiweka rafuni tunaangalia mwandishi, mchapishaji, mwaka, toleo, na kama kuna kingine kinachosema tofauti. IFLA, shirikisho la dunia la vyama vya maktaba, lilitoa mwaka 2017 bango la hatua 8 za kutambua habari za uongo, na ya mwisho inamtaka msomaji akikwama awaulize wataalamu, mkutubi akiwemo. Swali langu kwenu ni kama mwananchi wa Mpwapwa au Kondoa akiamua kufuata hatua hiyo, atamkuta nani.

Sisi wa Dodoma hatuhitaji kuelezwa uvumi unaweza kufika wapi. Oktoba 2016, katika kijiji cha Iringa Mvumi wilayani Chamwino, watafiti wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Selian, Arusha, waliuawa pamoja na dereva wao na watu waliowadhania kuwa ni wanyonya damu. Walikuwa katika kazi ya kuchunguza udongo. Gari lao lilichomwa moto. Watu watatu walikufa wakifanya kazi ambayo matunda yake yangerudi kwenye mashamba ya wakulima wa namna ile ile ya waliowaua.

Habari za mumiani ni za tangu ukoloni, na siku ile hazikuhitaji intaneti ili ziue. Ninaitaja Iringa Mvumi kwa sababu leo uvumi wa aina hiyo unarekodiwa kama ujumbe wa sauti wa dakika mbili, kwa Kiswahili au Cigogo, sauti ya mtu anayehema kwa hofu, na kufika vijiji vyote vya tarafa kabla jua halijazama. Na kwa sababu kila nikikumbuka tukio lile najiuliza swali hilo hilo: kijijini pale, ni nani ambaye wananchi wangeweza kumwendea na kumuuliza "hawa ni akina nani?" naye akawajibu akiwa na karatasi mkononi? Maktaba ya shule ya kata yenye mwalimu aliyefunzwa, na ubao unaobandikwa taarifa za halmashauri kuhusu wataalamu wanaopita wiki hii, ni kitu kidogo. Siahidi kwamba kingewaokoa. Ninachojua ni kwamba hofu inapoanza, watu humtafuta mtu wanayemfahamu, na tunaweza kuamua mapema mtu huyo awe na nini mkononi.

Nimeliona hilo pia kwenye afya. Chanjo ya HPV, ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi, ilipoanza kutolewa nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, maneno kwamba inaondoa uzazi yalizunguka, na bado yanazunguka, sasa yakiwa na video. Mzazi anayekuja na swali hilo hataki kuhubiriwa. Anataka kuona maelezo yameandikwa wapi, na nani, kwa lugha anayoielewa, na anataka muda wa kuuliza la pili na la tatu. Muuguzi wa zahanati mwenye foleni ya wagonjwa hana muda huo. Mkutubi anao, au angekuwa nao kama mngempa nyaraka zenyewe.

Na hapa nafika mahali ambapo lazima niseme wazi, kwa heshima zote. Mkutubi hawezi kuthibitisha kitu ambacho wenye nacho wamekaa kimya. Januari 14, 2025 Shirika la Afya Duniani lilieleza kuwa kuna watu wanaoshukiwa kuugua Marburg mkoani Kagera. Siku chache zikapita wizara ikisema vipimo havijaonyesha ugonjwa huo. Januari 20, hapa hapa Dodoma, Rais akautangazia umma kwamba ugonjwa umethibitishwa. Ninaelewa kwamba vipimo vina taratibu zake, na majibu ya maabara yanaweza kubadilika. Lakini katika siku zile za katikati, aliyeuliza alikutana na majibu mawili ya ofisi kubwa mbili, na pengo lile likajazwa na kila mwenye simu. Jibu la haki kwa msomaji wakati ule lilikuwa "hivi ndivyo vinavyojulikana hadi leo, na hiki bado kinapimwa". Serikali ikizoea kutamka sentensi kama hiyo mapema, sisi tutaibandika mlangoni saa hiyo hiyo.

Vivyo hivyo mtandao ulipozimwa kwa siku kadhaa kuanzia Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi. Uvumi haukuzimika pamoja nao. Ulihamia kwenye simu za kawaida, madirishani na vijiweni, na safari hii hakuna aliyekuwa na mahali pa kuhakiki. Watu walikuwa wanatafuta habari za ndugu zao. Mkutubi aliyefunguliwa mlango lakini akafungiwa mtandao hana cha kumpa mtu zaidi ya magazeti ya juzi. Naomba hili lipimwe kila mara linapofikiriwa tena.

Tuna Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016. Nzuri, na wananchi wachache sana wanaijua. Inaipa ofisi ya umma hadi siku 30 kujibu ombi. Kwa jalada la mkataba muda huo unaweza kutosha. Kwa uvumi wa kwamba shule zinafungwa kesho, mchana mmoja ni mrefu. Sioni kwa nini tungoje ombi. Kila halmashauri ina afisa habari. Kila taarifa anayoitoa, nakala moja iende maktaba ya mkoa, ya wilaya na za shule siku ile ile, ipewe namba, ihifadhiwe, iweze kupatikana miezi sita baadaye mtu atakapoleta toleo lake lililochezewa tarehe. Kazi ya kupokea, kupanga na kutunza tumeisomea. Sheria ya Bodi ya Huduma za Maktaba ya mwaka 1975 tayari inatupa kazi ya kutunza nakala za machapisho ya nchi hii. Tangazo la halmashauri linalotolewa kwenye WhatsApp na kupotea nalo ni kumbukumbu ya nchi. Katika zama hizi ambapo akili mnemba inaweza kutengeneza sauti na sura ya kiongozi kwa dakika chache, kuwa na nakala halisi iliyowekwa mahali panapojulikana kutazidi kuwa jambo la lazima.

Mheshimiwa Waziri wa Elimu, na Mheshimiwa wa TAMISEMI, nawageukia nyie kuhusu shule. Mitaala mipya ilianza kutumika mwaka 2024, na inazungumzia fikra tunduizi na matumizi ya TEHAMA. Nawapongeza kwa dhati. Lakini nendeni kwenye shule zetu za kata mkaulizie maktaba. Nyingi mtaoneshwa chumba kilichofungwa na kuambiwa mwalimu mwenye ufunguo ana kipindi. Mwalimu huyo hakufundishwa ukutubi. Alipewa ufunguo kwa kuwa alikuwa mpya, au kwa kuwa anafundisha Kiswahili. Ana vipindi vyake vyote pamoja na huo ufunguo. Watoto hao hao jioni wanashika simu ya mzazi na kukutana na TikTok bila mtu yeyote. Kipindi cha maktaba kirudi kwenye ratiba, kiwe na mtu aliyesomea, na katika kipindi hicho mtoto afundishwe kusoma picha ya barua bandia kwa makini kama anavyofundishwa kusoma shairi. Pale ambapo mkutubi kamili hapatikani kwa sasa, mwalimu mmoja apewe mafunzo ya kweli na apunguziwe vipindi. Bila kupunguziwa vipindi hatafanya lolote, na wala tusimlaumu.

Nchi hii imewahi kufanya jambo kubwa zaidi ya hili kwa vifaa duni zaidi. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 ilitumia redio, vijitabu vya Kiswahili chepesi, na vikundi vya kusikiliza vyenye viongozi waliofunzwa. Watu wapatao milioni 2 walishiriki, wakachimba vyoo na kufukia madimbwi. Ukiangalia ilivyofanya kazi, redio ilikuwa sehemu tu. Baada ya kipindi watu walikaa wakafungua kijitabu, wakabishana, wakamuuliza kiongozi wa kikundi ambaye ni jirani yao. Wazee wa Ugogo wanaokumbuka wataweza kuwasimulia. Maktaba za vijijini zilianzishwa katika miaka hiyo hiyo ili aliyejua kusoma asisahau. Tunachokiomba leo kimejengwa juu ya msingi huo: habari, maandishi ya kuirejea, na mtu wa karibu wa kuulizana naye. Tofauti ni kwamba sasa wapo watu waliosomea kazi yenyewe, katika chuo cha ukutubi cha Bodi kule Bagamoyo na katika vyuo vikuu vyetu, na baadhi yao wako mtaani wakiuza vocha.

Hata hivyo, sisi wakutubi nasi tuna la kurekebisha. Wenzetu wengi bado wanaona kazi ni kulinda vitabu visipotee na kuandika "KIMYA" ukutani. Msomaji akileta simu anaonekana msumbufu. Wapo wanaosambaza uzushi wenyewe kwenye magrupu ya kazini. Kwa hiyo Bodi, tafadhali, kabla ya kututangaza kwa wananchi tufunzeni kwanza: kutafuta picha ilikotoka, kusoma anwani ya tovuti, kutofautisha tangazo la kulipiwa na habari, kukiri "sijui, ngoja nitafute". Wahakiki habari wa Tanzania wapo, JamiiCheck na Nukta Fakti ni miongoni mwao, na wana ujuzi wa kutufundisha kwa wiki moja mambo ambayo peke yetu yatatuchukua miaka.

Kuna sharti moja ambalo bila hilo ni afadhali msitupe kazi hii kabisa. Msitufanye askari. Mtu anapokuja na ujumbe wa uongo kwenye simu, mara nyingi yeye mwenyewe ameshausambaza kabla hajaanza kuwa na shaka, na anaijua ile adhabu ya milioni 5. Akihisi kwamba mkutubi ataandika jina lake na kulipeleka mahali, hatakuja tena, wala jirani yake hatakuja. Maadili ya kazi yetu yanatukataza kueleza nani amesoma nini. Naomba katazo hilo liandikwe kwenye mwongozo wa huduma hii kwa maneno yasiyo na shaka: swali la msomaji ni la siri, na hakuna ofisi itakayodai orodha ya waliouliza. Vilevile mkutubi asilazimishwe kusema kweli ni ipi kwa amri. Ikiwa hati aliyonayo inaonyesha kwamba kosa liko upande wa ofisi ya Serikali, aweze kumwonyesha msomaji hati hiyo bila kuitwa kujieleza. Wananchi wana macho. Siku watakapogundua kwamba tunahakiki uongo wa upande mmoja tu, vyumba vyetu vitabaki na viti vitupu, na itakuwa haki yao.

Vikao vya bajeti huanza Aprili hapa Dodoma, na najua mtaambiwa fedha hakuna. Basi anzeni na mkoa huu peke yake. Una wilaya zake zote jirani, una watu zaidi ya milioni 3 kwa Sensa ya 2022, na ofisi zenu ziko mwendo wa daladala moja. Wekeni dawati la kuulizia habari katika Maktaba ya Mkoa, lenye kompyuta mbili na mtandao usiokatika, na wakutubi wawili waliofunzwa. Chagueni shule chache za sekondari za Chamwino, Kongwa na Bahi, kipindi cha maktaba kirudishwe huko kwa mwaka mmoja. Waelekezeni maafisa habari wa halmashauri wapeleke nakala za taarifa zao. Na dawati liwe na daftari: swali lililoletwa, tarehe, jibu limepatikana wapi, limechukua muda gani, na maswali yaliyokosa jibu kwa sababu ofisi husika haikujibu. Jina la muulizaji lisiwemo. Mwaka ukiisha msingoje ripoti iliyoandikwa na mtu mwingine. Ombeni daftari lenyewe, mlisome ukurasa kwa ukurasa, ndipo muamue kuhusu mikoa mingine.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mkutubi, Dodoma

Nakala: Wakurugenzi wa Halmashauri zote za Mkoa wa Dodoma